Uzi Mweusi wa Bandi

Kama kuna mtu aliyempenda Bwana Rudi, basi mtu huyo hakuwahi kumpelekea gari likaguliwe. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia kifuani, lakini nani alijisumbua kulisoma? Alikuwa mkaguzi wa mbio za mita mia nne, zile za magari mawili kusimama sambamba kwenye lami iliyonyooka kama rula, taa ya kijani ikiwaka yanafyatuka. Nguvu zake zote zilikaa ndani ya muhuri mmoja wa mpira wenye neno moja tu: RUDI. Mkanda wa kiti umepitwa na tarehe, rudi. Kofia ngumu ina ufa mwembamba, rudi. Betri inacheza, rudi ukaifunge. Mwenye gari akinung'unika kwamba bwana we, ajali haina kinga, alimtazama juu ya miwani na kumjibu, "Ina. Ina vipengele arobaini, na vyote nimevibeba hapa," huku akipigapiga ubao wake wa karatasi.

Mama Shela hakumpenda hata chembe. Yeye alikuwa mshona magauni ya maharusi, na mtu anayeshona magauni ya maharusi hazoei kuambiwa arudi. Yeye ndiye huwaambia wengine warudi Jumanne kujipima. Mume wake alikuwa fundi magari, jina la uwanjani Mshale, mtu wa tumbo la kiasi na kicheko cha kujaza karakana. Gari lao liliitwa Bibi Harusi, na jina hilo lilitokana na parachuti.

Maana gari lile likifika mwisho wa mita mia nne lilikuwa linakaribia kilomita mia tatu kwa saa, na kwa mwendo huo breki peke yake ni kama kumzuia fahali kwa kumshika sikio. Mbele kulikuwa na kipande cha lami cha kupunguzia mwendo, halafu mchanga, halafu ukuta. Kwa hiyo dereva alivuta mkono mdogo wa chuma kando ya kiti, mfuko mweusi uliofungwa nyuma ya gari ukafunguka, na parachuti nyeupe ikatoka na kuburutwa nyuma kama mkia wa gauni kanisani. Mama Shela ndiye aliyekunja parachuti hiyo, na hakumruhusu mtu mwingine kuigusa. Mafundi wa karakana walijaribu mara moja. Aliwaondoa mezani kwa rula ya mbao.

"Kitambaa ni kitambaa," aliwaambia. "Ninyi nendeni mkakunje mabati."

Aliikunja juu ya meza ndefu, akipiga pasi kwa viganja, kamba akizipanga mafungu mafungu, kisha akaiingiza mfukoni. Na kwa kuwa alikuwa mshonaji, alifanya jambo ambalo hakuna fundi mwingine wa parachuti pale uwanjani aliyelifanya: alipiga bandi. Mishono sita mikubwa mdomoni mwa mfuko, ili usifumuke wakati wa kubebwa na kufungwa kwenye gari. Mfuko ukishakaa mahali pake, aliukata ule uzi, akaufumua, akauzungushia kidole kidogo cha mkono wa kushoto na kukaa nao hapo mpaka gari lirejee salama. Hakumweleza mtu kwa nini. Ukimwona na uzi kidoleni, bandi imefumuliwa. Hiyo ndiyo ilikuwa stakabadhi yake. Na siku zote uzi ulikuwa wa njano, uonekane vizuri juu ya mfuko mweusi. Siku zote, isipokuwa siku hii ninayoisimulia.

Ilikuwa siku ya fainali. Miaka minane Mshale alikuwa akikimbia na kutolewa, mara raundi ya kwanza, mara ya pili, mara moja kabla hata ya kuwasha. Leo kwa mara ya kwanza alikuwa amebakiza mtu mmoja tu kati yake na kombe, daktari wa meno mwenye gari la buluu na mikono mitulivu isiyo ya kawaida. Mshale alikuwa hakai. Alikuwa anaimba.

Asubuhi ilianza kwa shari. Mama yake Mshale, mkwe wa Mama Shela, alikuwa amekuja na mwamvuli wake mwekundu, ule wa kubonyeza ukajifungua wenyewe pwaa! Hata hajaketi vizuri jukwaani, Bwana Rudi huyo hapo.

"Mama, shikamoo. Naomba uufunge huo mwamvuli."

"Marahaba. Niufunge kwani mvua imekatika? Hili ni jua!"

"Kipengele cha kumi na saba. Rangi nyekundu karibu na njia ni ishara ya kusimamisha mbio. Nikiiona, nasimamisha, sina hiari. Hata ingekuwa nyanya."

"Hivyo vipengele vyako ni vingapi?"

"Arobaini, mama."

"Arobaini ni za mwizi, baba. Mwanangu ni dereva."

Jukwaa zima likacheka, lakini mwamvuli ulifungwa, na bibi yule alishinda juani akiwa ameuegemeza magotini, akimweleza kila aliyekaa karibu jinsi alivyoonewa. Mama Shela naye aliliweka jambo hilo moyoni. Kumchokoza mkwe wake! Mtu wa miaka sabini na mbili!

Nusu fainali ilikwenda vizuri. Bibi Harusi liliruka, parachuti ikafunguka, gari likarudi likiwa linavutwa na pikapu, na Mama Shela akaitandaza parachuti mezani kwenye banda lao ili aikunje kwa ajili ya fainali. Akaikunja. Akaiingiza mfukoni. Akapapasa kikapuni kutafuta uzi wa njano. Haupo. Mkwe wake alikuwa ameuchukua, kumbe kijana mmoja pale jukwaani kifungo cha shati lake kilikuwa kinaning'inia, na bibi hakuweza kustahimili. Mama Shela akachukua uzi mweusi wa nailoni, ule mgumu wa kushonea vishikizo vya magauni. Uzi ni uzi, alijisemea. Akapiga mishono yake sita, myeusi juu ya weusi.

Mshale akauchukua mfuko kwenda kuufunga nyuma ya gari, na Mama Shela akamfuata na mkasi mkononi kama kawaida. Na hapo ndipo Bwana Rudi alipotokea na ubao wake.

"Mkanda wa bega la kushoto," alisema. "Umesuguka. Rudi."

Lahaula! Mama Shela aligeuka. Mkanda ule alikuwa ameukagua mwenyewe jana usiku, uzi kwa uzi.

"Umesuguka wapi? Nionyeshe! Mimi nimekaa na nyuzi miaka ishirini na sita, wewe umekaa na muhuri!"

"Hapa, mama. Pameota manyoya."

"Manyoya! Hayo ni mavumbi!"

"Nitakuwa nimekosea basi. Lakini ubadilishwe."

Wakabishana mpaka mishipa ya shingo ikasimama, ya Mama Shela, maana ya Bwana Rudi haikusimama kamwe, na hilo lilimkera zaidi. Mshale akasema, jamani, mkanda wa akiba ninao, mambo ya nini. Akaubadilisha. Kengele ya kuita magari ikalia. Bwana Rudi akazunguka nyuma, akatazama pini ya parachuti, akatazama kamba, akatia sahihi. Mama Shela alikuwa amekwisha tupia mkasi kikapuni na kuondoka zake jukwaani bila hata kumtakia mume wake heri, akitembea kwa ile miguu ya mtu mwenye hasira ambayo hupiga ardhi kana kwamba ardhi ndiyo iliyokosa.

Alipoketi bado alikuwa anachemka. "Manyoya!" alimwambia mkwe wake. "Mama, eti manyoya!"

"Mwache, mwanangu. Mtu akishapewa muhuri, kwisha."

Chini pale magari mawili yalikuwa yamefika karibu na mstari. Madereva walizungusha magurudumu ya nyuma papo hapo, moshi mweupe ukapanda, mpira upate moto na ushike lami. Mngurumo uliingia kifuani mwa kila mtu. Mama Shela alihisi hasira inaanza kuyeyuka na furaha kuingia, akamwona Mshale wake ndani ya ile kofia ngumu, akasema moyoni, haya baba, miaka minane, nenda kalichukue kombe.

"Ah, kabla sijasahau," mkwe wake alipaza sauti sikioni mwake, "uzi wako huu. Ahsante."

Mama Shela akanyoosha mkono wa kushoto kuupokea uzi wa njano. Akakitazama kidole chake kidogo. Kilikuwa kitupu.

Alikitazama kile kidole kana kwamba uzi ungetokea akikikodolea vya kutosha. Mkasi aliutupia kikapuni. Hakukata. Hakufumua. Uzi wa nailoni, mishono sita, ule uzi ambao maharusi hawaukati hata wakicheza usiku kucha. Mume wake angevuta ule mkono wa chuma mwishoni mwa njia na hakuna kitu ambacho kingetoka.

"Simamisheni!" alipiga ukelele. "Simamisheniii!" Alijiona mwenyewe anapayuka lakini sauti yake hata yeye hakuisikia. Magari yalikuwa yanasogea kwenye mstari, polepole, inchi kwa inchi. Bwana Rudi, ambaye pia ndiye aliyewasha taa za mbio, alisimama kati ya magari hayo, kidole gumba juu ya kitufe cha taa, macho mbele.

Mama Shela akaupokonya mwamvuli magotini mwa mkwe wake.

Mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mwenye gauni la kubana la siku kuu, aliruka viti vitano vya jukwaa. Alikanyaga vidole vya watu, alikanyaga chakula cha watu, akafika uzioni, akapandisha mguu mmoja kwenye wavu, akanyoosha mkono juu kadiri ulivyofika, akabonyeza. Pwaa!

Taa ya kwanza ya manjano ilikuwa imekwisha waka. Bwana Rudi aliona wekundu pembeni ya jicho lake, na sijui kama alifikiri. Nadhani mtu yule hakufikiri kabisa. Kidole gumba kikaruka kutoka kitufe kimoja hadi kingine. Taa zote zikawa nyekundu. Injini zikanguruma mara ya mwisho, zikazimwa, na uwanja ukawa kimya kiasi cha kusikia mwamvuli ukipigwa na upepo.

Kisha watu wakaanza. Wee mama! Mtoeni huyo! Kalewa! Bwana Rudi alikuja kwa hatua zake zile zile, hakuharakisha hata kwa hili.

"Kipengele cha kumi na saba," alisema.

"Ndiyo, kumi na saba!" Mama Shela alijibu, machozi yanamtoka. "Kumi na saba, Mungu akubariki! Nenda katazame mfuko wa parachuti. Nimeushona. Nimeushona na sikuufumua."

Bwana Rudi alimtazama. Halafu, kwa mara ya kwanza katika historia ya uwanja ule, alikimbia.

Walipomfungulia Mama Shela lango na kumfikisha pale, Mshale alikuwa ametoka, kofia kwapani, uso umemwiva. "Nani aliyesimamisha?" alikuwa anauliza. "Nani huyo?"

"Mimi."

"Wewe? Mke wangu, umenifanyia nini? Unajua sheria, anayesimamisha mbio amepoteza! Miaka minane!"

"Najua. Nimeacha bandi mdomoni mwa mfuko. Nilikuwa nagombana nikasahau. Kosa ni langu, si la mtu mwingine, na unikasirikie tu, lakini unikasirikie ukiwa mzima."

Mshale alirudi kwenye gari, akaingiza mkono dirishani, akavuta ule mkono wa chuma. Wote wakatazama nyuma. Mfuko mweusi ulishtuka, ukavimba kidogo pale katikati, ukatulia. Basi. Hakuna kilichotoka. Akavuta tena. Ukashtuka, ukatulia.

Daktari wa meno, aliyekuwa amekuja kuona kuna nini, alitazama mwisho wa njia, kule mchangani na ukutani, akavua glavu zake na kuzivaa tena. Mshale alikaa chini kwenye lami. Alikaa tu, na tumbo lake, na kofia yake, akautazama ule mfuko.

"Loo," alisema baadaye. "Mke wangu unashona imara."

Mtu mmoja akacheka, halafu wa pili, halafu wote. Mama Shela alicheka huku analia na kumpiga mume wake makofi ya bega.

Bwana Rudi peke yake hakucheka. Alitangaza kwamba sheria ni sheria, Bibi Harusi limepoteza, na daktari akimaliza njia peke yake kombe ni lake. Hakuna aliyebisha, hata Mshale. Kisha akaigeuza ile karatasi ya ukaguzi, akaonyesha sahihi yake mwenyewe chini, mbele ya neno parachuti. "Niliikagua," alisema. "Niliona pini, niliona kamba, sikuona uzi. Nilikuwa nafikiria majibu ya kumpa mama huyu." Akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, akaupiga juu ya sahihi yake. RUDI. Akaitazama karatasi kidogo, akaona haitoshi, akajipiga mwingine mgongoni mwa kiganja.

Daktari alikimbia peke yake, akachukua kombe, akaonekana kidogo kuona haya. Ndipo Bwana Rudi alipofika kwenye banda lao. Kulikuwa na kipengele cha thelathini na tatu, alisema, ambacho hakijawahi kuombwa na mtu: gari lililorekebishwa laweza kukimbia peke yake, bila kushindana, kwa majaribio. "Mkitaka," akaongeza, na ilikuwa mara ya kwanza Mama Shela kumsikia akitumia neno hilo.

Walitaka. Mama Shela alikunja upya, akapiga bandi ya njano, mfuko ukafungwa, akakata, akafumua, mmoja, wa pili, mpaka wa sita, Bwana Rudi akihesabu kwa sauti. Akazungushia uzi kidoleni na kwenda kusimama kando ya dirisha la gari. Mshale alimtazama mkono, akatabasamu, akavaa kofia.

Jukwaani mkwe wake alikuwa amegeuka askari. Mwamvuli ameukalia. "Wewe mwenye kofia nyekundu!" alifoka. "Vua! Mtoto wangu anapita!"

Taa ikawa ya kijani. Bibi Harusi likafyatuka, pua juu, mngurumo ukifuata nyuma. Mama Shela alimjua mume wake. Miaka yote alivuta parachuti kwa kuchelewa, baada ya kukata mstari na kwenda mbele sana, ili jukwaa lishike roho. Ugomvi wao wa kila mbio ulikuwa huo. Akaanza kuhesabu. Hajafika popote, gari hata mstari halijaufikia, akaona weupe unaruka nyuma yake, unatanuka, unajaa upepo. Gari likavuka mstari wa mwisho taratibu kama linaingia kanisani, na muda ulioandikwa kwenye ubao ulikuwa mbaya kuliko yote aliyowahi kukimbia.

Alikwenda kule mwisho akining'inia kwenye pikapu ya kuvuta magari, Bwana Rudi ubavuni. Mshale alikuwa ameegemea mlango, kofia juu ya paa.

"Umevuta mapema," Mama Shela alimwambia. "Hata mstari ulikuwa hujaukata."

"Nilitaka uione."

Mshale akamshika mkono wa kushoto, akaanza kuuzongoa ule uzi wa njano kidoleni, mzunguko mmoja mmoja, kwa vidole vyake vinene vya oili.

"Unajua nini?" alisema. "Miaka minane, kabla sijavaa kofia, nakitazama kwanza hiki kidole. Nikiona uzi, navaa. Leo ulikuwa umenipa mgongo, na mimi nikasema, ah, leo si kitu. Nikavaa."

"Ulikuwa unajua?"

"Mke wangu, nisingejua vipi?"

Mama Shela akaegemeza kichwa chake begani mwa mume wake, penye ule mkanda mpya, akalia vizuri sasa, bila haraka. Nyuma yao ikasikika karatasi. Bwana Rudi alikuwa ameunyanyua ubao wake na kuandika namba mpya chini ya zote: arobaini na moja.

"Isomeke vipi?" aliuliza.

"Andika," Mshale akasema. "Kabla taa haijawaka, dereva atazame kidole cha mke wake."

Bwana Rudi akaandika, akafika nusu, akasita. "Na dereva asiye na mke?"

"Arudi," wakajibu wote wawili kwa pamoja.

Akaandika na hilo.